Jini, Zimwi na Sayansi: Maelezo juu ya "The Dæmons", Mchezo wa Televisheni wa Mwaka 1971

Katika hadithi zinazobuniwa juu ya sayansi, zipo chache ambazo huziacha nyota na mitambo kwa muda zikaingia shamba, mahali penye kanisa la kale, makaburi ya watu wasiojulikana, na wenyeji wasiopenda kuulizwa. Hadithi hizo huazima vitisho ambavyo asili yake ni ya zamani kuliko sayansi yenyewe, na kwa hiyo hukabiliwa na swali moja: kitu kile kilichowatisha wanakijiji kitaitwaje mwisho wa hadithi? Kikiitwa shetani, hadithi imetoka katika sayansi. Kikiitwa kiumbe wa sayari nyingine, hofu iliyokuwako mwanzo yaweza kuyeyuka. Mfano ulio wazi wa shida hiyo ni mchezo wa televisheni uitwao "The Dæmons", ulioonyeshwa na BBC nchini Uingereza mwaka 1971. Makala haya yaeleza habari za mchezo huo, kisha yaonyesha ya kwamba sayansi iliyomo haiukanushi uchawi wa kijiji, ila huufasiri kwa lugha nyingine. Na kwamba mtu aufikiriaye mchezo huo kwa Kiswahili huona upesi kilichopotea katika tafsiri hiyo.

Mchezo na wakati wake

"The Dæmons" ni sehemu ya mfululizo mrefu uitwao Doctor Who, ulioanza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika mkuu wa mfululizo huo huitwa Daktari. Yeye si tabibu. Ni msafiri kutoka sayari nyingine, mwenye chombo cha kumpeleka katika nyakati na mahali mbalimbali. Wakati wa mchezo huu alikuwa amefungiwa duniani kwa adhabu ya watu wake, naye alikuwa mshauri wa kikosi cha askari kiitwacho UNIT. Adui yake mkubwa, Master, ni mtu wa asili moja naye, mwenye elimu sawa na yake, lakini mwenye tamaa ya kutawala.

Mchezo ulionyeshwa katika sehemu 5, kila Jumamosi, tangu tarehe 22 Mei hata tarehe 19 Juni 1971. Jina la mwandishi lililotajwa ni Guy Leopold, nalo ni jina la kubuni la watu wawili walioandika pamoja: Barry Letts, aliyekuwa mtayarishaji wa mfululizo, na Robert Sloman. Mwongozaji alikuwa Christopher Barry. Jon Pertwee alicheza kama Daktari, Katy Manning kama Jo Grant, msaidizi wake, Roger Delgado kama Master, na Damaris Hayman kama Bibi Hawthorne. Picha za nje zilipigwa katika kijiji cha Aldbourne, wilaya ya Wiltshire, na kanisa lake, uwanja wake na nyumba zake zaonekana katika mchezo jinsi zilivyo.

Wiltshire haikuwa mahali patupu kwa jambo hili. Ndiyo nchi ya Stonehenge, ya mawe ya Avebury, na ya vilima vingi vya makaburi vilivyojengwa kabla ya maandishi kufika Uingereza. Mwaka 1968 kazi ya kukichimba kilima kikubwa cha Silbury ilianza chini ya uongozi wa Profesa Richard Atkinson, na BBC ikawaonyesha watu kazi hiyo kwa televisheni. Kwa hiyo watazamaji wa 1971 walipoona katika mchezo profesa akifukua kaburi la kale mbele ya kamera, waliona jambo walilokwisha kulizoea.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa nchini Uingereza mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner akatoa kitabu akidai ya kwamba wachawi wangaliko Uingereza nao wana dini yao ya kale. Michezo ya kutisha ya mashambani ikaongezeka. Tarehe 10 Desemba 1970 BBC ilionyesha "Robin Redbreast", ambamo mwanamke wa mjini ahamia kijijini, akagundua polepole ya kwamba wenyeji wana haja naye ambayo hawakumwambia. Mwaka 1973 ikatoka filamu ya "The Wicker Man", ambamo polisi aendaye kisiwani kutafuta msichana aliyepotea huishia katika moto wa kafara. Katika hadithi za aina hii yule mgeni ndiye aliwaye.

Kisa

Kijiji cha mchezo huitwa Devil's End, na kilima chake cha kaburi huitwa Nundu ya Shetani. Profesa Horner ataka kukifungua usiku wa manane wa tarehe 30 Aprili, usiku ambao katika desturi ya kale ya Waselti huitwa Beltane, na televisheni iko tayari kuonyesha. Bibi Hawthorne, mwenyeji wa kijiji, ajitokeza kumkataza. Asema ya kuwa kifo kimekwisha kutokea, na kwamba kilima kikifunguliwa shetani atatoka. Watu wa televisheni wamcheka, na profesa amfukuza.

Daktari aona habari hizo akiwa mbali, akaenda mbio, lakini achelewa. Kilima chafunguliwa; upepo wa baridi kali watoka ndani, na profesa afa kwa kuganda. Wakati ule ule, katika chumba kilicho chini ya kanisa, kasisi mpya wa kijiji anaongoza ibada ya siri. Kasisi huyo ajiita Magister, neno la Kilatini lenye maana ile ile ya Master. Amelificha jina lake kwa kulifasiri tu, na kati ya wote waliomsikia hakuna aliyeitambua tafsiri hiyo kwa wakati.

Baada ya hapo vitisho vyafuatana. Sanamu ya jiwe yenye mabawa, iitwayo Bok, yapata uhai. Nyayo kubwa za kwato zaonekana mashambani. Ukuta wa joto usioonekana wakizunguka kijiji, na gari liugusalo lawaka moto, hata askari wa UNIT wabaki nje. Mwisho atokea Azal, mwenye pembe na kwato, mkubwa kuliko nyumba, naye asema ya kwamba akiitwa mara ya tatu ataamua kama uwezo wake atampa mrithi au ataiharibu dunia. Daktari akataa kupewa uwezo huo, akisema wanadamu waachwe wakue wenyewe. Azal amchagua Master, naye ataka kumwua Daktari. Hapo Jo Grant asimama mbele yake akaomba auawe yeye. Azal hawezi kulielewa tendo hilo. Nguvu zake zamrudia mwenyewe, na kanisa lalipuka. Kilicholipuliwa kilikuwa mfano mdogo wa kanisa, lakini imesimuliwa mara nyingi ya kwamba baadhi ya watazamaji waliilalamikia BBC wakidhani kanisa la kweli limebomolewa.

Majina mawili ya kila jambo

Katikati ya mchezo Daktari atoa maelezo yake. Azal si shetani. Ni mmoja wa viumbe wa sayari ya Daemos, iliyo mbali kwa miaka-nuru 60,000. Walifika duniani miaka 100,000 iliyopita, wakawasaidia wanadamu na kuwapima kama mtu apimavyo mimea katika chupa. Picha za miungu na mashetani wenye pembe katika mataifa mengi ni kumbukumbu ya viumbe hao. Baridi iliyomwua profesa na joto liunguzalo nyasi vyatokana na maada kugeuka nishati na nishati kugeuka maada, kwa kuwa viumbe hao waweza kujikuza na kujipunguza. Kilicho ndani ya kilima ni chombo cha anga kilichopunguzwa. Hata ibada ina maelezo yake: hisia za watu wengi waliokusanyika mahali pamoja hutoa nguvu, na maneno na ishara za ibada huiongoza nguvu hiyo.

Njia hii haikuanza na mchezo huu. Katika "Quatermass and the Pit" wa Nigel Kneale, ulioonyeshwa na BBC katika sehemu 6 tangu Desemba 1958 hata Januari 1959, chombo kilichofukuliwa mjini London chaonekana kuwa cha viumbe wa sayari ya Mars, na mizuka iliyosumbua mtaa ule kwa karne nyingi yapata asili yake hapo. Tofauti ni kwamba Kneale hampi mwenyeji sauti ya kushindana na mwanasayansi. Letts na Sloman wampa Bibi Hawthorne sauti hiyo, naye aitumia.

Msomaji akiyapanga maneno ya Bibi Hawthorne upande mmoja, na ya Daktari upande wa pili, ataona jambo la ajabu kidogo. Alisema kilima kina hatari, na kilikuwa na hatari. Alisema mtu amekufa kwa nguvu isiyo ya kawaida, na ndivyo ilivyokuwa. Alisema mwenye pembe atatokea, akatokea. Hakuna neno lake kubwa lililoonekana kuwa uongo. Kilichobadilika ni jina la kila kitu, na pamoja na jina, mtu mwenye haki ya kusema. Kabla ya tafsiri alikuwa mwanamke wa kuchekwa. Baada ya tafsiri habari zile zile zapokewa na askari na zapelekewa mitambo.

Mchezo wenyewe wajua jambo hili, na waonyesha mara tatu ya kwamba mpaka kati ya majina mawili si imara. Mwanzoni kabisa, Daktari aifanya motokaa yake iende bila dereva, akamshangaza Jo, kisha amwonyesha chombo cha kuiongozea kwa mbali. Mara ya pili, Bok amshambulia, naye amfukuza kwa kipande cha chuma na maneno ya lugha ngeni. Jo amwuliza imekuwaje, ikiwa yeye haamini uganga wa chuma. Jibu lake ni kwamba Bok aliamini. Mara ya tatu, wanakijiji wamfunga Daktari kwenye mlingoti wa ngoma ya Mei ili wamchome, na Bibi Hawthorne awaambia ya kwamba huyo ni mwanauganga mkuu. Kila aitakapo ishara, askari aliyejificha aipiga taa au kigeuzi cha upepo kwa bastola isiyo na mlio, na ile motokaa yaja yenyewe. Mwanasayansi aokolewa na hila inayojifanya uchawi, nayo yatengenezwa na mwanamke ambaye hakubali ya kuwa uchawi ni hila.

Kuna mfano mwingine wa maneno. Husemwa ya kwamba maneno ya kutisha ayatamkayo Master katika ibada ni wimbo wa watoto wa Kiingereza juu ya mwana-kondoo, uliotamkwa kinyumenyume. Maneno yasiyo na maana yalitosha kutisha, maadamu sauti, mahali na wakati vilikuwa sawa. Wanaochunguza maneno ya waganga na ya mizungu hawatalishangaa jambo hilo.

Maneno ya Kiswahili

Kiingereza cha mchezo huu kina shida ambayo Kiswahili hakina. Bibi Hawthorne ajiita kwa neno lile lile wanaloitwa wauaji wa usiku, kisha hulazimika kuongeza rangi, ya kuwa yeye ni mweupe na wale ni weusi. Kiswahili kimetenga mambo hayo katika mizizi ya maneno. Mchawi hudhuru, mganga hutibu na kukinga. Uchawi na uganga ni maneno mawili, ingawa watu huweza kumshuku mganga fulani ya kuwa ni mchawi kwa siri. Tena liko neno la tatu, mazingaombwe, au kiini macho, yaani mambo ya kuwadanganya watazamaji macho. Kwa Kiswahili matukio ya mchezo yagawanyika bila taabu: ibada ya Master ni uchawi, chuma kilichomfukuza Bok ni uganga, motokaa iendayo yenyewe na taa ipasukayo ni mazingaombwe. Daktari, anaposema ya kwamba hakuna uchawi ila sayansi tu, ayafanya yote matatu kuwa kitu kimoja. Bibi Hawthorne akataa, na sababu ya kukataa kwake ingeeleweka upesi zaidi kama angesema Kiswahili.

Jina la mchezo nalo ni jaribio kwa mfasiri. Limeandikwa kwa tahajia ya kale ili kukumbusha neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya roho isiyokuwa lazima njema wala mbaya. "Mashetani" ingeubomoa ujumbe wa mchezo, maana neno hilo limekwisha kutoa hukumu. "Pepo" lina uzuri wake, kwa kuwa lapatana na upepo utokao kilimani. Lakini pepo humpanda mtu na kupungwa, na Azal hampandi mtu yeyote. "Majini" ndilo lililo karibu zaidi: viumbe walio mbali na wanadamu kwa asili, wanaohusishwa na moto, ambao kati yao wako wema na wabaya. Hata hivyo, mwisho wa Azal si mwisho wa jini wa hadithi, afungwaye au aamriwaye kwa maneno. Wafanana zaidi na mwisho wa zimwi, lenye nguvu kupita watu wote, lakini likashindwa na jambo dogo ambalo akili yake haikulifikia. Mfasiri aweza kusema ya kwamba Azal ni jini kwa tabia na zimwi kwa kufa.

Methali zamsaidia kuona jambo jingine. Husemwa, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika Devil's End mambo yamepinduliwa. Master awakusanya wanakijiji, akaanza kutaja siri zao: mwenye duka aongezaye hesabu za wateja, na wengine wenye makosa ya namna hiyo. Zimwi hili lawala kwa sababu lawajua. Vivyo hivyo yasemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Tofauti na "Robin Redbreast" na "The Wicker Man", ambamo wenyeji humtega mgeni, hapa wageni ni wawili: kasisi aliyekuja kuwatia wenyeji katika utumwa, na msafiri aliyekuja kuwaponya. Wenyeji hawakuwa na njia ya kuwapambanua, nao wakamfunga mlingotini yule aliyekuja kuwaponya.

Neno na sheria

Huenda mtu akaona ya kuwa majina haya ni mchezo wa wanazuoni. Historia ya sheria yaonyesha vingine. Sheria ya Uingereza ya 1735 ilikomesha kuwaua watu kwa uchawi, ikageuza kosa kuwa udanganyifu, yaani kujifanya mwenye uwezo huo. Kwa hiyo serikali ilikuwa imesema, zaidi ya miaka 200 kabla ya Daktari, ya kwamba uchawi haupo. Yapo mazingaombwe tu.

Fikira kama hiyo ilifika Tanganyika katika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Maana ya neno katika sheria hiyo ilikusanya kuroga, kutumia vifaa vya kuroga, na hata kudai kuwa na uwezo au elimu ya siri. Kwa andiko hilo, mganga ajuaye dawa za siri aliweza kutiwa kapu moja na mchawi, na lugha iliyowatenga haikuulizwa. Sheria hiyo iliendelea kuwa sheria ya Tanzania. Utengano ulikuja kuandikwa mahali pengine, hasa katika Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyotambua na kuratibu kazi ya waganga. Lakini neno uganga lilisimama nje. Lililoandikwa mlangoni ni tiba asili. Bibi Hawthorne angelitambua jambo hilo: ujuzi wapokewa baada ya kubadilishwa jina, na mwenye ujuzi hutakiwa kulisema jina jipya.

Faida ya jina jipya haikanushiki. Dawa iliyopewa jina la sayansi yaweza kupimwa, kama vile ukuta wa joto ulivyoweza kutobolewa baada ya kuitwa nishati. Yasiyopimika, kama ahadi baina ya mganga na mizimu ya kwao, au hofu ya kijiji juu ya kilima chake, hubaki nje ya tafsiri bila ya kuwa yamekanushwa.

Hofu ibakiayo

Ndiyo sababu "The Dæmons" haikupoteza utisho wake baada ya maelezo ya Daktari. Kanda nyingi za asili zenye rangi zilifutwa, ikabaki ya sehemu ya nne peke yake. Mwaka 1992 rangi za sehemu nyingine zilirudishwa kwa kuunganisha picha nyeusi na nyeupe na kanda iliyorekodiwa Marekani. Juhudi kama hiyo haifanywi kwa mchezo uliosahauliwa. Watazamaji walioambiwa ya kwamba Azal ni kiumbe wa Daemos waliendelea kuogopa kwato, kilima na kanisa, maana sayansi ilikuwa imeyaeleza yaliyotoka kilimani na kuliacha swali la kwa nini watu wa kijiji walikuwa tayari kumchoma mtu.

Tena lililomshinda Azal halikutoka katika upande wowote wa mabishano. Mtambo uliotengenezwa na askari ulisaidia kwa muda, na maonyo ya Bibi Hawthorne yalikuwa ya kweli, lakini jini lilikufa kwa sababu msichana alijitoa kwa ajili ya mwenzake. Tendo hilo halina jina la kisayansi katika mchezo, wala halina jina la kichawi. Mwisho, watu wanapocheza ngoma kuuzunguka mlingoti ule ule uliokusudiwa kumchomea, Daktari amkubalia Jo ya kwamba uchawi uko duniani kweli. Kwa Kiingereza neno lile lile alilolipinga tangu sehemu ya kwanza ndilo alitumialo hapo kwa maana nyingine.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuliacha hivyo. Akiandika "uchawi", atakuwa amemfanya Daktari ausifu ubaya wa Master. Akiandika "mazingaombwe", ataudharau msiba waliookoka nao. Hapana budi achague neno la tatu au aeleze kwa maneno mengi, na kwa kuchagua atakuwa amewaambia wasomaji jambo ambalo Kiingereza kiliweza kulinyamazia, yaani tofauti baina ya nguvu idhuruyo, hila ishangazayo na wema usioelezeka.